Foto isiyo na jina

Mwezi huu tunazungumza juu ya kitu ambacho karibu kila jamaa inacho, lakini wachache wanakitunza: foto za nyumbani. Tutaonyesha namna ya kuanza albumu ndani ya telefone, hata kama hujaifanya hata siku moja.

Nianze na habari moja. Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha juu ya milima iliyo nyuma ya Uvira. Mto Mulongwe ukafurika, ukashuka na mawe na matope mpaka ndani ya mji. Watu wengi walikufa, na makumi ya maelfu walibaki bila makao. Siku zilizofuata nilikwenda kusalimia jamaa zilizopatwa. Nikamkuta mama moja mjane amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mbele yake alikuwa ametandika kitenge, na juu ya kitenge amepanga foto. Nyingine zilikuwa zimeshikamana, nyingine sura zimeyeyuka na shati tu imebaki.

Moja ilikuwa nzima. Wanaume wanne wamesimama kwenye mgodi huko Kamituga, kofia za kazi kichwani. Mama akaweka kidole: "Huyu wa pili njo baba yao."

Kijana wake akauliza: "Na hawa wengine, mama?"

"Sijui, mwanangu. Baba yako njo alikuwaka anawajua. Alikuwaka anasema moja wao alimtoshaka ndani ya shimo, siku udongo ulianguka."

"Ni yupi?"

"Hiyo njo sijui."

Kijana akageuza foto. Nyuma ilikuwa nyeupe, hakuna hata herufi moja.

Msomaji, fikiri kidogo. Pasipo mtu yule, kijana huyu asingezaliwa. Sura yake anayo mkononi, lakini hawezi kumtaja wala kuwashukuru watoto wake. Maji hayakuchukua jina lile. Lilikwisha kupotea zamani, siku baba alipozikwa.

Sisi wa pwani hii ya kaskazini ya Tanganyika tumepoteza foto mara nyingi. Tulikimbia katika vita vya 1996, tukakimbia tena 1998. Mwaka 2024 maji ya ziwa lenyewe yalipanda na kuingia katika nyumba za kando. Desemba 2025 vita viliingia Uvira, na watu wengi wakavuka kwenda Burundi. Mtu akikimbia anabeba mtoto, sufuria na kitambulisho. Albumu inabaki ukutani ama chini ya kitanda.

Usifikiri foto ni mambo ya kujionyesha tu. Baada ya 1994, katika kambi za wakimbizi kandokando ya Goma, watoto waliopotezana na wazazi walipigwa foto, na foto zile zikatundikwa mahali pa watu wengi ili mzazi apite na kutambua uso wa mtoto wake. Foto pamoja na jina iliweza kumrudisha mtoto nyumbani.

Basi, tuanze namna gani?

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Tangu zamani watu katika inchi nyingi hubandika foto, barua na karatasi za ukumbusho katika kitabu, na pembeni wanaandika maneno. Mwandishi Mark Twain wa Marekani alipata hata hati ya uvumbuzi mwaka 1873, kwa kitabu ambacho kurasa zake zilipakwa gundi tayari. Leo kazi ileile inafanyika ndani ya telefone ao kompyuta, pasipo gundi wala makasi. Lakini sheria haijabadilika: foto na maneno yake vinakaa pamoja. Telefone yenye foto elfu tatu zisizo na maneno ni kiloba tu, haijawa albumu.

1. Chagua foto moja. Usianze na zote, utachoka kesho. Chukua ile ambayo ungelia kama ingepotea.

2. Kama ni ya karatasi, ipige foto vizuri. Panguza kioo cha kamera ya telefone kwa kitambaa laini, maana mara nyingi kina mafuta ya mikono. Tosha foto katika plastiki ao kioo chake, kama inatoka bila kupasuka. Iweke juu ya meza karibu na mlango, mchana, mahali jua haliigongi. Zima flashi. Shika telefone sawasawa juu yake, isiiname, kusudi foto isipindike. Kisha geuza na upige upande wa nyuma pia, kama kuna maandiko ao muhuri wa studio.

Na kama foto zimelowa na kushikamana, usizivute zikiwa kavu. Ziweke katika maji safi ya baridi, uziachanishe polepole, usiguse upande wa sura. Zianike kivulini juu ya kitambaa safi, sura ikitazama juu.

3. Uliza majina leo. Hapa ndipo kazi yenyewe iko. Chukua kaye na biki, nenda kwa bibi, kwa baba mkubwa, kwa shangazi. Uliza: Nani? Wapi? Mwaka gani? Siku ile kulikuwa nini? Nani alipiga foto? Taja watu kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kuume. Kama mwaka haujulikani, andika "karibu 1987". Afadhali karibu kuliko kimya. Tena telefone yako inaweza kushika sauti. Mwache mzee aseme kwa luga yake, Kifuliiru, Kivira ao Kibembe, na umshike sauti akisema. Siku moja wajukuu watataka kuisikia sauti ile kushinda foto yenyewe.

4. Ipe foto jina. Telefone inaiita kwa namba ndefu ambazo hazina maana kwa mtu. Ibadilishe, iandike hivi: 1987-Kamituga-baba-na-wenzake. Mwaka ukitangulia, foto zitajipanga zenyewe.

5. Tengeneza ukurasa moja. Programu kama Canva inafanya kazi ndani ya telefone. Mwenye kompyuta anaweza kutumia PowerPoint. Fungua ukurasa mweupe. Weka foto moja kubwa, na kama unataka, mbili ndogo pembeni. Chini andika mistari mitano hivi: majina, mahali, mwaka, na habari moja fupi. Vijana, msijaze maua na nyota mpaka uso wa bibi haionekani. Rangi moja inatosha. Ukimaliza, uhifadhi kama PDF, sababu PDF inafunguka katika telefone nyingi bila kuvurugika.

6. Weka mahali patatu. Telefone inaanguka ziwani, inaibiwa, inakufa. Basi nakala ya kwanza ikae katika telefone. Ya pili katika kadi ya memori ao kle ya kompyuta, imefungwa vizuri katika plastiki. Ya tatu mbali na maji yetu na vita vyetu. Karibu kila jamaa ya Uvira ina mtu Bujumbura, Lubumbashi, ao Nyarugusu, kambi ile iliyofunguliwa Tanzania mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kivu. Mtumie yeye. Ukipitisha kwa WhatsApp, tuma kama dokima, usitume kama foto ya kawaida, sababu WhatsApp inapunguza foto ili isile mega nyingi, na sura inafifia.

Wenye intaneti wanaweza kutumia pia Google Photos. Lakini mjue: tangu Juni 2021 nafasi ya bure ina mwisho, gigabaiti 15 kwa kila mtu, pamoja na barua zake. Na akaunti isiyofunguliwa miaka miwili, Google anaweza kuifuta na vyote vilivyomo. Andika neno la siri katika kaye, limwambie mtu moja unayemwamini nyumbani, na mfungue akaunti ile angalau mara moja kwa mwaka.

Sasa neno la hekima. Albumu ya jamaa ni ya jamaa, haiko ya Facebook. Usitangaze mbele ya watu wote jina la mtoto, shule yake na parsele anapokaa. Usiweke sura ya mtu pasipo ruhusa yake. Na katika siku hizi zetu, foto ya mtu mwenye silaha ao yunifomu inaweza kukuletea taabu njiani, hata kama ni ndugu yako wa damu. Ile usitembee nayo.

Ninyi mlio kazini mbali, Misisi, Kamituga ama Kolwezi, nanyi mnahusika. Mnatuma pesa nyumbani, na tunawashukuru. Tumeni pia foto moja kwa mwezi: ninyi na wenzenu, na majina ya wote. Andikeni nani ni nani. Mama yule wa Uvira angefurahi sana kama bwana yake angefanya hivyo.

Mtauliza habari yake iliishia wapi. Kijana aliipiga ile foto kwa telefone, akaituma kwa wazee waliofanyaka kazi Kamituga. Majuma yakapita. Kisha mzee moja akajibu kwa sauti, kutoka Bukavu. Alitaja majina mawili. La tatu halikumjia. Na habari ya shimo aliisikiaka, lakini hakuwapo siku ile, hajui ni nani aliyemtoa mwenzake.

Ukurasa wao nimeuona. Baba iko na jina lake, wawili wako na majina yao. Chini ya mtu wa nne, kijana ameacha nafasi nyeupe, na kila mgeni wa Kamituga akiingia, anamfungulia telefone na kumwuliza.

Maswali ya kuzungumza nyumbani juma hili:
– Katika foto zetu, ni nani ambaye mtu moja tu hapa nyumbani anamjua? Tumwulize leo.
– Kama tungekimbia usiku huu, foto zetu zingebaki wapi?
– Ni nani atakayeshika kaye, na nani telefone?

Tukutane mwezi ujao. Kabla ya hapo, tengenezeni ukurasa moja tu.