Watoto Wadogo Katika Mkutano wa Ukoo

Baada ya Idi, familia nyingi za Kiislamu jijini Dar es Salaam hukutana nyumbani kwa mkubwa wa ukoo ili kuunga udugu. Ni jambo jema, nasi tunalihimiza. Lakini tuseme kweli. Mama anayetoka Mbagala na watoto watatu hadi Wazo, akibadilisha daladala njiani, hufika hoi na watoto wana njaa. Huelekezwa chumba cha uani awanyamazishe, maana wazee wanasoma hitima. Hufuata nasaha za wazee wanne, na pilau hupakuliwa saa kumi alasiri. Mwaka unaofuata mama yule huleta udhuru, na wanawe hukua hawamjui hata shangazi yao.

Mtume (S.A.W.), kama walivyopokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (R.A.), alikuwa akiingia katika swala akikusudia kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kuchelea dhiki ya mama yake. Ikiwa swala ilifupishwa, nasaha za mjomba zina uzito gani hata zisifupishwe?

Tunawaomba wenye nyumba wawapakulie watoto kwanza, kabla ya hitima. Nasaha atoe mzee mmoja. Na akina baba, ambao aghalabu huketi barazani na kahawa yao, wapokezane kuwabeba, Mtume (S.A.W.) alimbeba mjukuu wake Umama hali yumo ndani ya swala. Kisha kila mtoto apelekwe mbele ya bibi na babu, aambiwe huyu ni nani wake, naye ataje jina lake.