Jani Moja la Kitabuni Halitoshi

Mwanafunzi wa sekondari akiambiwa achore jani kwa ndani, huchora lile lile la kitabuni: juu seli ndefu zilizosimama wima na kubanana, chini yake seli zilizoachana kupisha hewa, na chini kabisa stomata, vile vitundu vya kupumulia. Mchoro huo unaufaa mwembe. Mimea mingine mingi anayoipita njiani haiko hivyo, naye anamaliza shule akidhani majani yote ni mamoja.

Jani la yungiyungi limelala juu ya maji. Stomata zingekuwa chini zisingefaa kitu, kwa hiyo zote ziko juu, na ndani ya jani mna vyumba vikubwa vya hewa vinavyolisaidia kuelea. Mahindi nayo yamejipanga kivyake. Seli zenye kijani kibichi zimeizunguka mishipa kama pete, na humo hewa ya ukaa hukusanywa kwa wingi, ndiyo maana mmea hutengeneza sukari bila kupoteza maji mengi. Mkulima anayeona mahindi yake yamekunja majani mchana wa jua kali anaona kazi ya seli kubwa za juu ya jani, ambazo hunywea zikipungukiwa maji.

Somo zuri kuliko yote liko Tanga. Mkonge asili yake ni Mexico. Richard Hindorf, Mjerumani, aliuleta Tanganyika mwaka 1893, nao ukastawi kwa sababu jani lake liliumbwa kwa ajili ya ukame. Nje limepakwa nta nene. Ndani limejaa seli za kuhifadhi maji, na katikati yake zimepita nyuzi ngumu zinazolisimamisha. Nyuzi hizo ndizo singa zinazotoka kwenye korona, mashine ya kuchambua majani ya mkonge, na kusokotwa kamba. Stomata zake hufunguka usiku, kukiwa na ubaridi. Hewa ya ukaa huingia na kuwekwa akiba kama asidi, kisha mchana, milango ikiwa imefungwa, jani huitumia. Mtoto aliyekulia kando ya shamba la mkonge, asiambiwe haya darasani, amedhulumiwa.

Pwani, majani ya mchu, mmoja wa miti ya mikoko, hutoa chumvi kupitia tezi zake. Ukiligusa jani siku ya jua, chembe nyeupe hubaki kidoleni.

Ni kweli, shule nyingi hazina hadubini za kutosha. Hilo halizuii somo kuanza. Mwalimu wa baiolojia akiwa na wembe mkali na lenzi ya mkononi anaweza kukata jani la mkonge na la yungiyungi mbele ya darasa. Singa na vyumba vya hewa vitaonekana bila shida. Watunga mitaala nao waongeze michoro ya majani haya kando ya ule wa zamani, na mtihani umuulize mwanafunzi kwa nini yanatofautiana.