Chemirocha, Duma na masikio yetu

Kuna hukumu moja ambayo hutolewa upesi mno katika nchi yetu, nayo ni ile ya kuuita muziki wowote wenye kelele na giza "muziki wa shetani". Nimeisikia hapa Sosiot kutoka kwa wazazi, kwa wahubiri na hata kwa wasomi wenzangu, na aghalabu anayeitoa hajasikiliza wimbo mmoja hadi mwisho. Simlazimishi msomaji aupende muziki wa hevi metali. Mimi mwenyewe huusikiliza kwa vipindi vifupi, kisha nikatafuta kikombe cha chai. Lakini kazi yangu ni lugha, na pale watu wanapodai kuwa sauti fulani haina maana wala asili, sina budi kuuliza wamejuaje.

Chukua mfano wa Duma. Kundi hilo liliundwa na vijana wawili wa Kenya, Martin Khanja ajiitaye Lord Spike Heart, na Sam Karugu, waliokuwa wamepitia makundi mengine ya roki mjini Nairobi. Mwaka 2019 walikwenda Kampala wakakaa miezi mitatu katika studio za Nyege Nyege, wakatoka na albamu iliyobeba jina la kundi lenyewe. Ilitolewa Agosti 2020, wakati dunia imefungiwa nyumbani kwa sababu ya korona. Ndani yake hamna mpiga ngoma aliyeketi nyuma ya ngoma zake. Midundo imeundwa kwa kompyuta, ikaongezwa kasi hadi mkono wa binadamu usiweze kuifuata. Karugu akaweka gita na mngurumo wa mitambo, naye Khanja akapiga mayowe juu ya hayo yote.

Kwanza tulitazame jina. Mswahili akisikia "duma" humwona yule mnyama mwenye mbio. Wenyewe wamelitoa katika Kikuyu na wanasema maana yake ni giza. Ukienda sokoni Kericho ukaitaja "nduma", muuzaji atakufungia magimbi ya kuchemsha kwa chai ya asubuhi. Jina moja, milango mitatu. Kadhalika jina la kampuni iliyowarekodi. Waanzilishi wake husema kwamba katika Luganda "nyege nyege" ni ile hamu ya ghafla ya kutikisa mwili na kucheza. Sisi wa Kiswahili tunajua neno hilo kwa maana ambayo gazeti la heshima haliifafanui. Tamasha lao la Uganda lenye jina hilohilo liliwahi kupigwa marufuku na waziri wa maadili mwaka 2018, na Septemba 2022 Bunge likajaribu tena, ingawa mara zote mbili serikali ililegeza kamba na watu wakacheza. Sidai kwamba jina ndilo lililoleta kesi yote, lakini halikuwasaidia mawakili wa utetezi.

Pili, ile sauti. Mtu anapozungumza, nyuzi zake za sauti hutetemeka kwa mpangilio, nao ulimi na midomo huchonga konsonanti na irabu. Mwimbaji wa hevi metali huongeza kazi ya mikunjo iliyo juu ya nyuzi hizo, ile ambayo katika usemi wa kawaida hupumzika. Matokeo yake ni mkwaruzo unaozimeza konsonanti, na msikilizaji haoni neno la kushika. Kwa hiyo husema, "Hapana lugha hapa." Msomaji, kigelegele kina konsonanti gani? Mama akikipiga mlangoni mwa bibi harusi, nani humwuliza tafsiri? Kilio cha matanga nacho hakingoji kamusi. Tumezoea sauti zisizo na maneno pale tulipokwisha kukubaliana juu ya maana yake. Kinachotukera katika Duma ni kwamba mapatano hayo hatujayafanya.

Wengine waliyafanya haraka. Albamu ilisifiwa na wahakiki wa Ulaya na Marekani, nao vijana wakaalikwa kwenye majukwaa ya mbali, huku nyumbani wakijulikana na wachache. Baada ya hapo Khanja alishika njia yake, na Aprili 2024 akatoa albamu iitwayo The Adept kupitia kampuni yake mwenyewe, Haekalu, jina ambalo Mswahili hawezi kulisikia asikumbuke hekalu. Aliitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, yule mwanamke aliyefikia cheo cha Field Marshal katika vita vya Mau Mau na kufariki Septemba 2023, ambaye Khanja humhesabu miongoni mwa wahenga wa ukoo wake. Muziki unaoitwa wa kigeni na usio na mizizi umebeba jina la shujaa wa msituni ambalo wanafunzi wangu wengi hawalijui. Niliwauliza darasani. Walioinua mkono hawakufika watano.

Na hapa sisi wa nchi ya chai tuna jambo letu la kuchangia, maana mkasa huu ulitupata kabla ya Nairobi. Mwaka 1950 Mwingereza Hugh Tracey, aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka bara hili akinasa nyimbo, alifika Kapkatet. Huko alikuta Wakipsigis wakiimba habari za mtu aitwaye Chemirocha. Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kwa Wakipsigis pamoja na gramafoni. Tazama kazi ya lugha ilivyokuwa safi. Kikipsigis hakitenganishi j na ch, hivyo "Jimmie" hana budi kuanza na ch. Na kwa kuwa majina mengi ya wanawake na ya vitu huanzia Che-, hata kinubi chenyewe cha chepkong, mgeni akapewa mwanzo wa kienyeji. "Rodgers" nalo likapoteza mkia wake. Akatoka Chemirocha, jina linaloweza kukaa katika orodha ya darasa la shule yoyote ya Belgut bila mwalimu kushtuka.

Tracey aliandika kwamba neno hilo lilikuwa limekuja kumaanisha kila kitu kigeni na kipya. Katika wimbo mmoja, wasichana walimpa mgeni huyo miguu ya swala, nusu mtu nusu mnyama, wakamwalika aruke katika ngoma hadi nguo zimtoke. Naomba tutulie hapo. Kiumbe mwenye kwato akichezeshwa na wasichana! Laiti wimbo huo ungetungwa mwaka 1994, Rais Moi alipounda tume ya kuchunguza ibada za shetani chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, nani angethubutu kuuimba hadharani? Wasichana wa Kapkatet hawakuwa na hofu hiyo. Sauti ngeni iliwajia bila maelezo wala tafsiri, nao wakaivisha mwili na kuipa mahali katika uwanja wao wa ngoma. Huo ndio upokezi ninaouonea wivu.

Lakini tusiwapambe mno. Nyimbo hizo zilisafiri katika santuri hadi nchi za mbali, zikahifadhiwa katika maktaba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, na leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Wapenzi wa muziki wa Marekani na Uingereza walizifahamu. Kapkatet wenyewe walisubiri hadi mwaka 2015, miaka 65, ndipo maktaba hiyo ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi ikawarudishia nakala, na baadhi ya walioimba wakiwa wamekwisha kufa. Tofauti na Duma ni kwamba vijana hawa wameishika kalamu ya mkataba wenyewe, na Khanja amefika hadi kumiliki kampuni. Ufanano ni kwamba sifa bado hutangulia ng'ambo, kisha ndipo nyumbani tukapiga hodi.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisiuone muziki huu kuwa wa mbali na majani chai. Hevi metali ilizaliwa Birmingham, mji wa viwanda. Tony Iommi wa Black Sabbath alikuwa na umri wa miaka 17 mashine ya kiwanda cha mabati ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Alijitengenezea vifuniko kutokana na chupa ya plastiki, baadaye akalegeza nyuzi za gita ili zisimuumize, na ule uzito wa sauti uliosikika mwaka 1970 ulitokana kwa sehemu na majeraha hayo. Sasa kumbuka Mei 2023 hapa Kericho, watu waliposhuka mashambani na kuchoma mashine za kuchuma chai kwa sababu zilikuwa zikinyakua kazi ya mikono. Mwenye kukaa karibu na mashamba anaujua mngurumo wa mashine hizo. Mchumaji aliyeachishwa kazi anaujua zaidi.

Mngurumo huo haujapata albamu yake. Kijana wa Sosiot, mji uliopewa jina la ufito wa kusugulia kibuyu cha mursik, akitaka leo kuimba juu ya mashine iliyomfukuza mama yake shambani, ana gita, ana simu yenye programu ya kurekodia, na ana lugha iliyokwisha kuonyesha kwamba inaweza kummeza hata Jimmie Rodgers. Pengine atapiga mayowe, na pengine wazee watafunga madirisha. Mimi nimekwisha kuiomba maktaba ya chuo chetu inunue Duma na The Adept, iziweke kando ya nakala za Kapkatet, penye rafu ileile. Msimamizi aliniuliza aziandikishe chini ya somo gani. Nilimwambia fonolojia ya Kikipsigis, akacheka, lakini fomu akaijaza.