Tuungane kununua nafasi ya tovuti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu juu ya jambo linalozisumbua skuli na vikundi vya ushirika huku vijijini, nalo ni ununuzi wa nafasi ya kuweka tovuti.

Tovuti haikai hewani. Hukaa ndani ya kompyuta iitwayo seva, inayofanya kazi usiku na mchana. Mwenye seva huuza nafasi kwa jumla. Mtu wa kati huinunua, akaigawa na kutuuzia sisi rejareja, kama mwenye duka wa Chake Chake anavyofungua gunia la sukari na kupima kwa kilo. Biashara hiyo ni halali na inatufaa, maana mtu wa hapa hapa hutuhudumia kwa Kiswahili na kupokea shilingi.

Hata hivyo, kikundi chetu kiliumia. Tulimchagua mtu wa kati mwenye bei ndogo kuliko wote. Mwaka wa pili tulimlipa, lakini yeye hakumlipa mwenye seva, kisha akazima simu. Tovuti ikafungwa, pamoja na picha za mikoba yetu ya ukili na anwani ambayo wanunuzi walituandikia. Tulipotaka kuihamisha, tukaambiwa jina la tovuti si letu. Alikuwa ameliandikisha kwa jina lake. Fedha iliyopotea ilikuwa ndogo. Hasara kubwa ni wanunuzi, na hawajarudi.

Kwa hiyo nashauri skuli na vikundi vya wilaya moja viungane, vinunue fungu moja la jumla na kugawana. Kijana mwenye ujuzi alipwe asimamie, lakini nywila kuu na risiti zikae kwa kamati.

Kabla ya kulipa tuulize mambo manne. Kwanza, jina linaandikishwa kwa nani? Liwe la skuli au kikundi chenyewe. Yapo hata majina ya skuli yanayoishia na sc.tz.

Pili, bei ya mwaka wa pili ni ngapi, na kwa akaunti ngapi? Mara nyingi punguzo ni la mwaka wa kwanza tu. Mwaka 2019 kampuni ya cPanel, ambayo programu yake hutumiwa na wauzaji wengi duniani, ilianza kutoza kwa idadi ya akaunti, na gharama zikawapanda wengi. Na anayeahidi nafasi isiyo na kikomo tumwogope, kwani gunia lisilokwisha halipo.

Tatu, nani anaweka nakala ya akiba? Iwepo nyingine mikononi mwetu.

Nne, seva iko wapi? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania nzima. Seva ya ng'ambo huweza kuwa na bei nafuu, lakini siku kama hiyo ni vigumu kuifikia.

Nawaomba maofisa elimu wa wilaya walitazame jambo hili. Wazee wetu husema rahisi ni ghali. Kwa wanyonge, dawa yake ni kuungana na kuuliza kabla ya kutoa fedha.

Mwalimu wa Skuli ya Msingi,
Micheweni, Pemba.