Utabibu Nao Una Sanadi Yake

Kila linapotajwa jambo la mafunzo ya utabibu hapa Mombasa, maneno huwa ni yale yale: nafasi ni chache, karo ni kubwa, vitanda vya hospitali havitoshi. Yote hayo yana haki ya kusemwa. Lakini liko swali moja ambalo sijalisikia katika baraza za Kisauni, wala katika foleni ya feri ya Likoni, wala katika mikutano ya wazazi kule Changamwe. Je, hao vijana wetu wanaosomea uuguzi na utabibu wana maktaba ya namna gani, na ni nani anayeiendesha?

Wengi wetu twadhani maktaba ni chumba cha makabati chenye ufunguo, kinachofunguliwa ajapo mgeni rasmi. Mimi nasema kwamba maktaba ya chuo cha utabibu ni sehemu ya matibabu, sawa na maabara na chumba cha upasuaji. Na mkutubi wake ni mwalimu, si mlinzi wa makabati.

Sisi tuliopitia chuoni, tukasoma juzuu kwa juzuu, hatuna haja ya kuelezwa sana jambo hili. Mwalimu wetu hakutosheka na mtoto kusema "nimesikia." Alitaka kujua umesikia kwa nani, na huyo naye kapokea kwa nani. Hiyo ndiyo sanadi, na elimu isiyokuwa na sanadi haina uzito mbele ya wanavyuoni. Utabibu nao ndivyo ulivyo. Dawa fulani hutolewa kwa kipimo fulani: ni nani aliyesema, lini, kwa kuwajaribu wagonjwa wangapi, na je, hakutokea mwingine baadaye akathibitisha kinyume chake? Maswali hayo hayajibiwi wodini kwa kubahatisha. Hujibiwa maktabani.

Chukueni mfano wa malaria. Klorokwini, ile dawa chungu tuliyoimeza sote utotoni, ilipoteza nguvu, na mwaka 1998 Kenya ikaacha kuitegemea, ikashika SP. Mwaka 2004 mwongozo ukageuzwa tena, ikachaguliwa dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, ambayo ilianza kuenea katika vituo vya afya mwaka 2006. Katika miaka sita mafundisho yaligeuka mara mbili. Kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1995 chaweza kuwa na jalada la kupendeza, lakini ukurasa wake wa malaria umekwisha kuwa hatari kwa mgonjwa. Ndiyo maana shehena ya vitabu vikuukuu kutoka ng'ambo, tunayoipokea kwa vigelegele na picha, si lazima iwe baraka. Maktaba njema hujua cha kuweka, na hujua pia cha kuondoa.

Tazameni jambo lililo karibu nasi zaidi. Kilifi, ukitoka Kisauni kwa njia ya kaskazini, kipo kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome tangu mwaka 1989. Watafiti wa huko, pamoja na wenzao wa Uganda na Tanzania, waliwachunguza watoto 3,141 waliofika hospitali na homa kali na damu isiyozunguka vyema mwilini. Vitabu vilikuwa vikiamrisha kwamba mtoto wa namna hiyo amiminiwe maji ya mshipani kwa haraka. Matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Katika kila watoto 100 waliomiminiwa upesi, kiasi cha 10 au 11 walifariki katika saa 48. Katika wale ambao hawakufanyiwa hivyo, walifariki 7. Sisemi habari za watoto waliokaukiwa maji kwa kuharisha. Hao wana matibabu yao mengine.

Elimu hiyo ilipatikana kwa watoto wa Afrika Mashariki, wakiwamo wa Pwani hii hii, ikachapishwa katika jarida la Marekani. Ikiwa mwanafunzi wa tawi la KMTC lililoko Port Reitz hana wa kumwonyesha njia ya kuifikia, basi elimu imetoka Kilifi ikavuka bahari, wala haikurudi nyumbani.

Najua nitajibiwa: "Bwana wee, siku hizi kila kitu kimo katika simu." Kimo, lakini kimo pamoja na uongo mwingi. Na hata kilicho kweli hakimo chote. Mwaka 2001, katika chuo kikuu mashuhuri cha Johns Hopkins huko Marekani, kijana wa kike mwenye umri wa miaka 24, mzima wa afya, alijitolea kwa uchunguzi wa maradhi ya pumu. Alivutishwa dawa iitwayo heksamethoniamu, mapafu yake yakaharibika, akafa. Mtafiti alikuwa ametafuta habari za dawa hiyo katika kompyuta, lakini orodha aliyoitumia ilianzia mwaka 1966. Maonyo kuhusu madhara ya dawa hiyo kwa mapafu yalikuwa yameandikwa katika miaka ya 1950. Kama mambo haya yalitokea kwa watu wenye kila kitu, sisi tutategemea simu peke yake?

Tena yako majarida ambayo mlango wake una kufuli. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji walianzisha mpango uitwao Hinari, ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo ziyasome bure au kwa bei nafuu. Lakini ufunguo wa mlango huo hupewa taasisi, si mtu mmoja mmoja. Pasipo mkutubi wa kuuomba, kuutunza na kuwafundisha wanafunzi kuutumia, mlango hubaki umefungwa.

Wala jambo hili si geni katika mila yetu. Ibn Sina, akiwa kijana asiyezidi miaka 18, alimtibu mtawala wa Bukhara, Nuh bin Mansur. Akaomba ruhusa ya kuingia katika maktaba ya mtawala, akakuta vyumba vingi, kila chumba na fani yake. Kutoka katika kusoma kwa namna hiyo ndiko kulikotoka yule aliyeandika Kanuni ya utabibu, iliyosomeshwa Ulaya kwa karne nyingi.

Basi yafaa tufanye nini? Serikali kuu, yenye KMTC, na kaunti, yenye hospitali, ziulizwe wazi: mkutubi aliyesomea kazi hii yuko? Maktaba hufunguliwa usiku, mwanafunzi atokapo zamu? Somo la kutafuta na kupima maandishi limo katika ratiba?

Nasi wenyewe tusikae tukinyoosha vidole tu. Wazee wetu waliweka wakfu nyumba na mashamba ili misikiti na vyuo vipate taa na walimu. Kodi ya duka moja yaweza kusaidia mshahara wa mkutubi mmoja. Anayetaka sadaka yenye kuendelea baada yake, na azingatie hili: maisha ya mgonjwa asiyemjua yaweza kuokolewa kwa ukurasa mmoja uliopatikana kwa wakati wake.