GIA INAPOKUWA NGUMU, USITUMIE NGUVU

Leo twapenda kuzungumza juu ya taabu ambayo wenye malori wa Kitui na Makueni huilalamikia mara kwa mara, yaani gia kukataa kuingia. Dereva hukanyaga klachi, huvuta mkono wa gia, nao husimama kama mti uliopandwa ardhini. Basi hukasirika, akausukuma kwa nguvu zake zote mpaka chuma kilie. Nguvu hiyo ndiyo iharibuyo giaboksi nyingi ambazo zingaliweza kupona kwa gharama ndogo.

Nitawaeleza habari moja niliyoishuhudia. Wakulima watano wa Makueni walishirikiana kununua lori kuukuu, ili wapeleke maembe yao wenyewe kiwandani Kalamba na sokoni Nairobi, wasimngojee mchuuzi awapangie bei. Msimu wa maembe ulipokwisha, lori lilivuka mto Athi likaenda Kitui kubeba ndengu, likawa likipita katika mito ya mchanga kama Tiva na Thua. Mwezi wa Desemba ulipofika, gia zikawa ngumu. Asubuhi ilikuwa taabu kuingiza gia ya pili, na ile ya tatu ililia kila ilipoguswa. Fundi mmoja akasema kwamba giaboksi imekufa, na hapana budi kununua nyingine. Fedha alizotaja zilikaribia mapato yao yote ya msimu, na maembe yalikuwa yakiiva mitini. Embe halimngojei mtu.

Kwa bahati njema, mmoja wao alikuwa na baba yake mkubwa, dereva wa zamani aliyeanza kazi katika miaka ya 1970. Mzee huyo akaja, akamwambia dereva kijana:

“Mwanangu, zima injini, kisha ukanyage klachi na kuingiza gia moja moja.”

“Zaingia, mzee, lakini zingali nzito.”

“Na lori likisha kwenda nusu saa, huwaje?”

“Hulainika kidogo, mzee.”

“Gia ya kurudi nyuma yalia?”

“La, hiyo hailii.”

“Basi klachi haina kosa. Mlitia oili gani ndani ya giaboksi?”

Kijana akainamisha kichwa. “Tulitia ile iliyobaki ya difu, mzee.”

Tazameni hekima ya maswali hayo, maana kila mwenye gari aweza kuyauliza pasipo kulipa hata senti moja. Kama gia huingia vyema injini ikiwa imezimwa, lakini hukataa injini ikiwaka, shuku klachi: huenda haiachi sawasawa, ama kwa sababu hewa imeingia katika mafuta yake, ama yanavuja, ama pedali yataka kurekebishwa. Gia ya kurudi nyuma ikilia, hiyo ni dalili nyingine ya klachi. Kama gia ni nzito hata injini ikiwa imezimwa, tazama kwanza fito au nyaya ziungazo mkono na giaboksi. Huenda zimekauka au kujaa vumbi. Kama ni nzito asubuhi, kisha hulainika gari likipata moto, shuku oili. Lakini gia moja tu ikilia huku nyingine zote zikiingia vyema, yaelekea ringi yake imelika, na oili mpya haitairudisha.

Ringi hiyo ni nini? Katika giaboksi nyingi za siku hizi, kila gia ya mbele ina ringi, mara nyingi ya shaba, ambayo hulishika gurudumu la gia na kulinganisha mwendo wake kabla ya meno kuumana. Ufundi huo ulianza kuuzwa na kampuni ya Cadillac ya Marekani mwaka 1928. Kabla ya hapo dereva alilinganisha mwendo mwenyewe kwa kukanyaga klachi mara mbili, na yako malori makubwa ambayo hata leo huendeshwa hivyo. Ringi hufanya kazi kwa kusuguana, na kwa hiyo sharti ipate oili iliyo sawa. Oili ikiwa nzito mno, ringi haiwezi kuikata na kushika. Ikiwa ya utelezi mno, ringi huteleza. Dereva akilazimisha, ringi hulika.

Juu ya kopo la oili kuna maandishi ambayo wengi hawayasomi. Tarakimu kama 80W-90 au 85W-140 zaonyesha uzito. Maandishi GL-4 au GL-5 yaonyesha nguvu ya dawa iliyotiwa. Oili ya GL-5 imetengenezwa hasa kwa meno ya difu yenye mkazo mkubwa. Katika baadhi ya oili hizo dawa huweza kuila shaba polepole. Giaboksi nyingi zenye ringi hutaka GL-4, na nyingine hutaka oili ya injini. Basi msiige gari la jirani. Fuateni kitabu cha gari lenyewe.

Sasa twende kwenye kazi. Endesheni gari kidogo ili oili ipate joto na kutiririka, lakini isiwe ya kuunguza. Lisimamisheni mahali tambarare, mfunge breki ya mkono na kuweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Fungueni kwanza nati ya juu, ile ya kutilia oili. Wako waliomwaga oili yote, kisha wakaona nati ya juu imeshika kutu na haifunguki, na gari likalala pale pale. Nati ya juu ikisha kulegea, wekeni karai chini, mfungue ile ya chini.

Itazameni oili itokayo. Ungaunga laini wa kijivu juu ya sumaku ya nati ni wa kawaida. Vipande vya chuma ni habari mbaya, mwiteni fundi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Giaboksi ina kitundu cha kupumulia. Ikiwa na moto kisha ikazama mtoni, hupoa ghafula na kuvuta maji ndani. Ndivyo lilivyokuwa lile lori letu. Basi avukaye mito aikague oili baada ya msimu wa mvua. Wala mto uliofurika usivukwe kamwe: twakumbuka mto Enziu, karibu na Mwingi, mwezi wa Desemba 2021, ambapo watu zaidi ya 30 waliangamia ndani ya basi.

Safisheni nati ya chini, muifunge, kisha mtie oili mpya mpaka ifike ukingo wa chini wa tundu la juu na kuanza kudondoka. Hapo imetosha.

Na oili chafu? Msiimwage bondeni. Katika Kitui na Makueni mto mkavu ni ghala letu la maji. Mama zetu huchimba mchangani na kuteka, na mabwawa ya mchanga yamejengwa kwa jasho la vikundi vingi. Oili ikiingia humo, huharibu maji ya kijiji kizima. Itieni ndani ya dumu, mpeleke kwa wenye kuikusanya.

Lori la wakulima wale lilitiwa oili iliyoandikwa kitabuni, na asubuhi ya pili gia zikaingia kwa mkono mmoja. Maembe yakafika kiwandani. Lakini gia ya tatu ingali ikilia hata leo, kwa sababu ringi yake ilikwisha kulika katika zile siku za kulazimishwa, nao wanaweka akiba ya kuibadilisha. Jambo hilo si dogo kwa mtu ashukaye vilima vya Mbooni na mzigo mgongoni, ambaye hutegemea gia ndogo kuzuia mwendo ili breki zisiungue.

Basi, ndugu, mkono wa gia ukikaza, usiupige vita. Zima injini, uliza maswali ya yule mzee, kisha usome kitabu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya klachi.