KIOO KWANZA, KESI BAADAYE



Anayejua kusoma amsomee jirani aliyesimama naye hapa ukutani, kwa maana jambo hili linamhusu kila mwenye nyumba.

Leo nasema juu ya kioo cha dirisha kilichovunjika. Najua wapo watakaocheka. Watasema katibu kakosa la kuandika, watu wanawaza mbolea yeye anawaza vioo. Sawa, lakini piteni hapa kijijini mkahesabu wenyewe. Hesabuni madirisha yaliyozibwa kwa gunia, kwa boksi la sabuni, kwa bati la debe lililopondwa. Si machache. Na mengi hayakukosa kioo kwa sababu ya umaskini. Yamekosa kioo kwa sababu kuna kesi.

Kesi zenyewe tunazijua. Watoto wanacheza chandimu, mpira unapiga dirisha la jirani, kioo chini. Mwenye nyumba anasema, "Sigusi dirisha hili mpaka baba yake alipe." Baba naye anajibu, "Mtoto wangu hakuwa peke yake." Mama wa nyumba anaweka gunia, eti kwa muda. Shauri linapelekwa kwa balozi. Balozi anapanga siku, siku inaingiliana na msiba, msiba unaingiliana na palizi. Masika yanaingia, gunia liko palepale. Muda gani huo, jamani?

Maoni yangu ni haya: kioo kirudi kwanza, ndani ya wiki moja, na kesi ifuate nyuma. Tundu la dirisha si ushahidi wa kutunzwa mpaka shauri liishe. Ukishawaonyesha vipande watu wazima wawili, ushahidi umetosha. Mwenye nyumba anunue, aandike bei yake kwenye karatasi, kisha adai haki yake akiwa amekaa ndani ya nyumba kavu. Deni halifutiki kwa sababu dirisha limepona.

Tuangalie hasara ya kungoja. Kwanza, giza. Chumba chenye gunia dirishani ni usiku mchana kutwa. Mtoto wa shule anatoa daftari lake nje kwenye upepo, au anawasha koroboi saa tisa alasiri, mafuta yanateketea na moshi unamwingia kifuani. Pili, maji. Gunia halizuii mvua, linainywa tu, kisha linailaza juu ya ubao wa fremu. Ubao unaoza. Aliyekuwa na deni la kioo kimoja sasa ana deni la dirisha zima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa maneno yao hayana fumbo lolote, ni hivyo hivyo yalivyo. Tatu, mbu. Mbu wa malaria huuma usiku, na tundu wazi ni mlango wake. Kioo hakichukui nafasi ya chandarua, mtu asije akanielewa vibaya. Chandarua kitundikwe palepale, lakini kwa nini tumfungulie mbu mlango? Nne, vipande vilivyobaki kwenye fremu. Hivyo ni visu vilivyosimama, na mtoto anayechungulia ndani hajui.

Wapo wanaosema kioo ni anasa, wazee wetu waliishi bila vioo. Ni kweli waliishi. Lakini aliyejenga dirisha la kioo amekwisha kuchagua nyumba ya namna nyingine. Tundu la mzee lilikuwa dogo na lilikuwa na kibao cha kufungia. Tundu lako lina upana wa mtu kupita, na mwizi analijua.

Wapo wanaosema vioo vinatoka mbali. Mwaka 2023 kilizinduliwa kiwanda cha vioo vya madirisha Mkuranga, Mkoa wa Pwani, hapa hapa nchini kwetu. Na wengine wanasema fundi yuko mjini. Hapo ndipo nataka tuelewane, kwa sababu kazi hii haihitaji fundi wa mjini. Inahitaji mtu anayejua kusoma namba, mwenye subira, basi. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya kisomo, namba hizo tunazo. Zifanye kazi.

Kazi inakwenda hivi. Vaa viatu na funga mikono kwa kitambaa kizito. Fukuza watoto na kuku. Toa vipande kwa koleo ukianzia juu kushuka chini, maana ukianza chini cha juu kitakuangukia. Vipande vyote vitie katika gunia, uvizike katika shimo refu, mbali na njia na mbali na shamba. Anayevitupa kichakani anamtegea mtoto wa mwenzake.

Kisha bandua kwa patasi ile puti ya zamani, yaani ule udongo laini wa mafundi unaoshika kioo, uliokandwa kwa chaki ya unga na mafuta ya kitani. Ng'oa misumari midogo. Safisha fremu mpaka ubao uonekane, uupake rangi kidogo au mafuta. Usiruke hatua hii. Ubao mkavu hunyonya mafuta ya puti, nayo puti hupasuka na kudondoka.

Sasa kupima. Pima upana mahali patatu: juu, katikati na chini. Pima urefu vile vile. Tuseme umepata upana wa sentimita 40.2, 40.0 na 40.3. Chukua ile ndogo, 40.0, uondoe milimita 3. Kioo chako kiwe na upana wa sentimita 39.7. Kwa nini kupunguza? Kwa sababu ubao huvimba wakati wa mvua, na kioo kilichobanwa hupasuka chenyewe bila mpira wa mtoto yeyote. Andika vipimo kwenye karatasi. Kipimo cha kichwani hufika dukani kimebadilika.

Kioo kikifika, tandika puti nyembamba kuzunguka fremu, weka kioo, kibonyeze pembeni tu. Ukibonyeza katikati umekivunja. Pigilia misumari midogo isiyo na kichwa, nyundo ikiteleza ubavuni mwa kioo. Malizia kwa puti ya nje, iwe na mteremko ili maji yatiririke. Ngoja wiki moja au mbili ikauke, ndipo upake rangi. Rangi ipande kidogo juu ya kioo, kama milimita 2, izibe njia ya maji. Kazi imekwisha. Ni ya asubuhi moja, ukiacha siku za kungoja.

Sasa tunakuja kwenye ushirika wetu. Mtu mmoja kusafiri mpaka mjini kwa ajili ya kioo kimoja ni hasara: nauli inakula fedha, na njiani gari likiruka shimo kioo kinavunjika mapajani mwake. Napendekeza duka letu liagize vioo vizima vya unene wa milimita 3, puti, misumari yake, na kikatio kimoja cha kioo cha matumizi ya wote. Tufanye hesabu. Kioo cha mita 1 kwa mita 1 hutoa vipande 4 vya sentimita 50 kwa 40, na hubaki ukanda wa sentimita 20 unaofaa kwa madirisha madogo. Uzito wake ni kilo 7 na nusu, watu wawili wanakibeba bila taabu, mradi wakibebe kimesimama, si kimelala. Atafutwe kijana mmoja mwenye mkono mtulivu afundishwe kukata: kikatio kipite mara moja tu, kisirudiwe, na kioo kivunjwe papo hapo kwenye ukingo wa meza.

Na yule aliyevunja? Naona hivi. Kama ni mtoto, mzazi wake atoe nusu ya bei, na mtoto mwenyewe aje kubandua puti na kushika kioo kinapowekwa. Ataliona dirisha kwa macho mengine. Nusu nyingine abebe mwenye nyumba, kwa sababu uwanja wa watoto hatujawatengea, na tusijifanye hatulijui hilo. Kama ni mtu mzima aliyevunja kwa hasira au pombe, alipe yote. Asiyekubali mgawanyo huu ana haki ya kwenda kwa balozi, lakini aende dirisha likiwa na kioo.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wazee wetu walikusanyika vijijini kuisikiliza redio, wakajadiliana, wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Hawakuuliza kwanza nani alianza kuleta uchafu. Walishika jembe. Nasi tushike patasi.

Jambo hili nitalileta katika mkutano mkuu ujao wa ushirika. Mwenye mawazo tofauti aandike chini ya karatasi hii, nafasi nimeiacha, au aje ayaseme mkutanoni. Lakini kabla ya mkutano, kila mmoja akifika nyumbani kwake atazame madirisha yake. Penye gunia, achukue futi na karatasi apime leo.

Ndimi ndugu yenu,
Katibu